Kukata ni Siku Moja, Kuuguza ni Siku Nyingi

Jumapili ya 26 ya Mwaka B
Masomo: Hes 11:25-29, Yak 5:1-6, Mk 9:38-43, 45, 47-48



Injili ya leo ina maneno makali. Bwana wetu anatuambia kwamba mkono ukitukosesha tuukate, na mguu ukitukosesha tuukate vilevile, kwa kuwa ni afadhali kuingia uzimani tukichechemea kuliko kutupwa motoni tukiwa na miguu yote miwili. Mara nyingi Injili hii inaposomwa, tumewaona watoto wa viti vya mbele wakiinama na kuitazama miguu yao.

Tuwatulize kwanza hao watoto. Kanisa halimwambii mtu achukue panga na kujikata kiungo. Tena Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya kwanza kabisa, ulikataza mtu mwenye afya aliyejikata mwili wake kwa hiari asihesabiwe miongoni mwa watumishi wa altare. Bwana anasema juu ya dhambi, na juu ya mazoea yanayoizaa. Hayo ndiyo ya kukatwa.

Lakini leo hatukusudii kusema mengi juu ya kukata. Juu ya kukata tumehubiri mara nyingi. Tunataka kuuliza swali ambalo sisi wenyewe hatukulijali kwa muda mrefu: mtu akiisha kukata, ni nani atakayemuuguza? Aliyetufundisha kuuliza swali hilo ni mbwa, na tunaomba msitucheke kabla ya kusikia habari yenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mojawapo ya jumuiya ndogondogo za upande wa Kashozi, palikuwa na mama mmoja mjane, mzee wa miaka, ambaye tulikuwa tukimpelekea Ekaristi nyumbani kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Alikuwa na mbwa aitwaye Simba. Hakuwa mbwa wa kuchezea. Aliwafukuza tumbili katika kibanja, na usiku alibweka wapitaji wasiojulikana walipoikaribia migomba. Siku moja Simba hakurudi. Siku ya tatu vijana walimkuta porini, mguu wake wa nyuma umenaswa katika mtego wa waya. Waya ulikuwa umezama katika nyama, na kuanzia hapo kwenda chini mguu ulikuwa umekufa.

Majirani walitoa shauri lao. Mmoja alisema, "Mama, mbwa wa miguu mitatu atakufaa nini? Heri apumzishwe." Yule mama akamjibu, "Amenilinda miaka sita. Nami sishindwi kumlinda miezi miwili." Akauza kahawa aliyokuwa ameiweka akiba, na Simba akapelekwa mjini Bukoba nyuma ya gari la mizigo, amelazwa juu ya majani ya migomba. Daktari wa mifugo akampa dawa ya usingizi, akaukata mguu.

Ijumaa ya kwanza iliyofuata tulifika asubuhi, tukamkuta daktari huyo amekuja kumkagua mgonjwa wake. Tukaketi, tukasikiliza. Tulipoondoka tulikuwa tumepata mahubiri ya mwaka mzima.

Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba mguu ulikuwa umekatwa juu kabisa, karibu na nyonga, ingawa kidonda kilikuwa chini. Tukauliza kwa nini hakuacha kigutu. Daktari akatueleza kwamba mbwa akiachiwa kigutu hujaribu kukikanyagia. Kitagonga chini kila siku na kutoa kidonda kisichopona. Ni heri kuondoa juu, mbwa ajue kwamba mguu haupo, ajifunze kusimama kwa ile iliyobaki.

Jambo la pili lilikuwa sakafu. Nyumba ya mama ilikuwa na sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, na Simba kila alipojaribu kusimama aliteleza. Mama alikumbuka nyumba za msonge za wazazi wake, ambamo nyasi zilitandikwa sakafuni. Akatuma wajukuu wakate nyasi, akatandika toka mahali pa kulala hadi mlangoni, akawa akizibadilisha zilipolowa. Tangu siku hiyo mbwa alipata mahali pa kukanyaga.

Jambo la tatu lilikuwa khanga. Mama aliipitisha chini ya tumbo la mbwa, karibu na mapaja, akazishika ncha zake kwa juu, ili kumwegemeza anapokwenda haja. Daktari akamwonya: "Mama, usimbebe. Mshikilie asianguke, basi. Ukimbeba kila siku, hatajifunza." Akatueleza kwamba miguu ya mbele ya mbwa huchukua sehemu kubwa ya uzito wake, yapata tatu kati ya tano, na kwa hiyo aliyepoteza mguu wa nyuma huweza kutembea mapema, mara nyingi katika siku chache za kwanza, mradi asiharakishwe kukimbia wala kuruka mpaka nyuzi zitolewe, yaani baada ya siku 10 hadi 14, na jeraha lishikane vizuri.

Jambo la nne lilikuwa ulimi. Mbwa hulamba kidonda akidhani anajitibu, kumbe anazifungua nyuzi. Mama alikuwa amechukua ndoo kuukuu ya plastiki, akaikata kitako, akaisugua kingo zisimkwaruze, akamvika shingoni. Simba alionekana kama kuhani wa dini isiyojulikana, na wajukuu walicheka sana. Lakini nyuzi zilisalimika.

Jambo la tano lilikuwa dawa. Jirani mwema alikuwa ameleta vidonge vyake mwenyewe vya maumivu. Daktari akavikataa kwa ukali. Alisema kwamba dawa za maumivu za binadamu, kama diklofenaki na ibuprofeni, zaweza kumuua mbwa. Naye hupewa dawa yake, kwa kipimo cha uzito wake. Huruma isiyo na maarifa yaweza kuua.

Akaongeza mawili kwa ufupi. Chakula kisizidi, kwa kuwa kila kilo ya unene inaiangukia miguu mitatu. Na yeyote anayemshika mbwa mwenye maumivu awe na hadhari, maana hata mbwa mpole huuma akiumizwa. Nasi hatutalipita hilo bila kuwakumbusha, wapendwa, kwa kuwa tarehe 28 Septemba ya kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani: mbwa wote wachanjwe, na mtu akiumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje.

Mwezi uliofuata tulipofika, hatukubisha hodi. Simba alikuwa njiani, amesimama kwa miguu mitatu, akatubwekea kama zamani. Mama akasema, "Baba, ameukumbuka wajibu wake."

Huenda mtu akasema: watu wanaugua, watoto hawana daftari, na ninyi mnatusimulia habari za mbwa? Swali hilo ni la haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu nasi tunadaiwa kuwatendea wema, lakini pia kwamba si halali kuwatumia wao fedha inayodaiwa na taabu za watu. Yule mama alilijua hilo bila kusoma katekisimu. Hakumfanya Simba kuwa mwanaye. Alimtendea kama mtumishi mwaminifu aliyeumia kazini. Wala sisi hatukusimulia habari hii kwa ajili ya mbwa peke yake. Tumeisimulia kwa sababu ya mtu mmoja.

Zamani, katika parokia nyingine tuliyotumwa kuhudumu, palikuwa na baba mmoja aliyekuwa mateka wa gongo. Jumapili moja ya Majilio alikuja kuungama, na baada ya Misa akasimama mbele ya waamini wote akasema kwamba ameacha. Watu walipiga makofi na vigelegele. Sisi tulimbariki, tukamsifu, tukasema kwamba huyu ameusikia wito wa Injili na kuukata mguu uliomkosesha. Kisha tukafunga kanisa, tukaenda kula chakula cha mchana.

Hatukumuuliza alilalaje usiku ule. Hatukumwendea Jumatatu mikono yake ilipotetemeka, wala hatukumpeleka kwa mganga wa zahanati, ingawa mwenye kuacha ghafula pombe aliyoizoea miaka mingi aweza kuugua sana. Rafiki zake walimwita kilabuni, wakamwambia aje anywe soda tu. Hicho ndicho kigutu, wapendwa, na alikikanyagia. Mwanajumuiya mmoja alimtania njiani, akamwuliza atadumu siku ngapi. Hiyo ndiyo sakafu inayoteleza. Alipoanguka, tulimkemea kutoka mimbarini, bila kumtaja jina, lakini kila mtu alijua. Hicho kilikuwa kidonge chetu, nasi hatukupima uzito wa mgonjwa. Tulimzika kabla ya Pasaka.

Tulimwambia akate. Hatukumtandikia nyasi.

Sasa tuirudie Injili, tuitazame vizuri zaidi. Kabla Bwana hajasema lolote juu ya mkono na mguu, anasema juu ya kikombe cha maji: kwamba atakayewapa wafuasi wake maji ya kunywa kwa sababu wao ni wa Kristo hatakosa thawabu yake. Mara baada ya hapo anawaonya wanaowakwaza wadogo wanaomwamini. Ndipo anapofikia kukata. Mpangilio huo hatukuuona miaka mingi. Maji yametangulia kisu. Onyo kwa jirani anayekwaza limetangulia amri kwa yule anayekwazwa. Asiyekuwa tayari kuleta kikombe cha maji hana haki ya kuhubiri juu ya kukata.

Basi, makatekista na viongozi wa jumuiya, tunawaomba mfikiri pamoja nasi. Katika kila jumuiya yumo aliyekata kitu mwaka huu. Yumo aliyeacha pombe. Yumo kijana aliyeacha wizi, na binti aliyevunja uhusiano uliokuwa ukimharibia maisha. Wote hao wana jeraha bichi. Msiwaache peke yao katika wiki mbili za kwanza. Nyumba inayomkumbusha kosa lake itandikeni nyasi: utani ukome, masengenyo yakome, rubisi isiletwe mbele yake katika karamu kwa kisingizio cha mila. Mshikilieni kwa khanga, lakini msimbebe. Mpeni kazi anayoiweza, ashike nafasi yake tena, maana mbwa yule alipona kweli siku aliyobweka. Akilamba kidonda chake, yaani akirudia usiku na mchana kujihukumu kwa yaliyopita, mzuieni kwa upole, hata kama dawa yenyewe inachekesha kama ndoo shingoni. Na akianguka, msimwambie kwamba tulijua. Mwinueni. Simba alianguka mara nyingi kati ya kitanda chake na mlango, na yule mama hakuzihesabu.

Sisi watu wa Kashozi tuna sababu ya pekee ya kuyaelewa haya. Misheni yetu ilianzishwa mwaka 1892 na Askofu Jean-Joseph Hirth na Wamisionari wa Afrika, waliokuwa wamekimbia vita vya Buganda vya mwanzo wa mwaka huohuo. Hawakufika kwa fahari. Walifika kama watu waliopokonywa mengi, wakiwa na haja ya mahali pa kusimama. Imani tunayojivunia iliingia hapa ikichechemea, ikaegemezwa, ikasimama.

Na tumalizie kwa Kitabu cha Tobia. Tobia kijana alipoanza safari, malaika Rafaeli alifuatana naye, na jina Rafaeli maana yake ni Mungu huponya. Maandiko yanaongeza neno dogo ambalo wengi hulipita: mbwa naye alikwenda pamoja nao, na waliporudi kumponya baba kipofu, mbwa alikuwa nyuma yao. Maandiko hayatuambii alifanya kazi gani. Yanatuambia tu kwamba alifuatana nao. Pengine hiyo ndiyo kazi tunayoombwa wiki hii: Mungu aponye, nasi tufuatane na anayeponywa, kwa mwendo wake.

Tuombe. Ee Bwana, utupe ujasiri wa kukata yanayotutenga nawe. Uwaegemeze wote wanaochechemea kuelekea uzimani. Utusamehe wale tuliowaacha njiani, na uwapokee kwako. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.