Amemwaga Maziwa Akikusaidia: Utamwambia Nini?

*Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi wa watoto wa PP1 na PP2, Bahati*

Mmezoea kuniona nikija na tangazo la barabara au la chanjo, lakini leo sina tangazo. Katiba yetu imeipa serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea. Hata hivyo, mwalimu hukaa na mtoto saa chache tu, na saa nyingine zote yuko nanyi nyumbani. Ni hizo za nyumbani ninazotaka tuzizungumzie.

Nianze na mambo mnayoyajua. Mtoto wa miaka minne amemwona mama akipalilia vitunguu. Mama akiingia ndani kuangalia chungu, mtoto anaendelea na kazi, na mama akirudi anakuta mstari mzima wa miche umeng'olewa, magugu yamebaki yamesimama. Mwingine ameona simu ya baba ina vumbi, akaitia kwenye karai la maji ya sabuni. Mwingine ameokota mayai kwa kuku na kuyabeba kwenye sketi yake, akakimbia kukuonyesha. Naona mnacheka, na wengine mnatazamana. Mnazijua hadithi hizi kuliko mimi.

Lakini siku lilipotokea jambo lenyewe, hakuna aliyecheka. Hapa Bahati maziwa ya jioni ni sukari, ni unga, ni karo ya kaka yake aliye sekondari. Mtoto akiinua mtungi apeleke kwa mwenye pikipiki, ukamponyoka, kilichomwagika ni pesa. Sitasimama hapa niwaambie kuwa hasara hiyo ni ndogo. Mzazi anayekasirika ana sababu. Ninachowaomba ni tuangalie hasira hiyo inamwendea nani, na inafundisha nini.

Kuna mtoto anayerusha kikombe chini kwa sababu amenyimwa kitu. Kuna mwingine anayekiangusha akikipeleka jikoni. Kikombe kimevunjika mara zote mbili, lakini mambo haya si mamoja. Wa kwanza anahitaji kurekebishwa. Wa pili alikuwa anafanya jambo ambalo miaka kumi ijayo utamwomba alifanye na atakataa.

Hamu hiyo ya kusaidia huanza mapema sana. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig nchini Ujerumani, walichapisha matokeo ya majaribio na watoto wa miezi 18. Mtu mzima aliangusha kitu akawa hakifikii, au alishindwa kufungua kabati kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Wengi wa watoto hao walimsaidia, bila kuombwa na bila kupewa chochote. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye hajajua hata kusema sentensi! Kumbe huyo wa miaka minne anayeng'ang'ania ufagio wako hakusumbui. Anataka kuwa mtu wa nyumba hiyo.

Na hatuna haja ya kwenda Ujerumani kutafuta ushahidi. Hapa kwetu Bonde la Ufa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti Sara Harkness na Charles Super waliishi kwenye jamii ya Wakipsigis mahali panapoitwa Kokwet. Waliwauliza wazazi ni mtoto gani wanamwita mwerevu. Neno la Kikipsigis walilolisikia ni *ng'om*. Wazazi wale walitofautisha mtoto mwerevu wa masomo na mtoto mwerevu wa nyumbani, na huyu wa nyumbani ni yule anayeona kazi inayotakiwa kufanywa akaifanya bila kutumwa. Kwa wazee wale, kusaidia kwa hiari ilikuwa ndiyo akili yenyewe. Nina hakika kila lugha inayosemwa hapa Bahati ina namna yake ya kumsifu mtoto wa aina hiyo.

Sasa, kama ana akili, mbona anamwaga? Kwa sababu akili imetangulia na mikono iko nyuma. Vidole vya mtoto huyu bado vinajifunza kushika. Macho yake pia bado hayapimi kama yako. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, alionyesha kuwa ukimimina maji kutoka bakuli pana hadi gilasi ndefu nyembamba mbele ya mtoto mdogo, atakuambia kwenye gilasi yameongezeka. Unaweza kujaribu leo usiku. Mtoto asiyeweza bado kupima hivyo atajuaje kuwa kikombe kiko karibu kufurika? Kumchapa hakutaiharakisha mikono hiyo. Kinachoisaidia ni mazoezi.

Fikirini mtoto aliyemwaga akapigiwa kelele au kuzabwa kofi anajifunza nini. Hajifunzi kushika mtungi, kwa maana hakuna aliyemwonyesha. Anajifunza mambo mawili mengine. La kwanza, kwamba kusaidia ni hatari, heri kukaa. Akifika miaka 12 tunamwita mvivu, tunauliza alirithi kwa nani. La pili ni baya zaidi. Anajifunza kuficha. Leo ameficha vipande vya sahani chini ya kitanda. Kesho mdogo wake ameonja dawa ya kupe iliyoachwa kwenye chupa ya soda, na yeye ndiye aliyeona. Je, atakuja mbio kukuambia, au atanyamaza kwa kuogopa kuwa atalaumiwa? Wazazi, kwenye nyumba zetu zenye jiko la makaa, mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia viazi, mtoto asiyeogopa kusema ukweli haraka anaweza kuokoa maisha. Ujasiri huo anaupata, au anaupoteza, siku ile ya maziwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya kusema neno, angalia kama mtoto ameumia. Hapo utapata nafasi ya kuvuta pumzi, na yeye ataona kuwa unamthamini kuliko mtungi. Pili, taja alichokuwa anataka kufanya: "Ulitaka kunisaidia kubeba maziwa. Asante. Yamemwagika." Usimdanganye kuwa si kitu. Mwambie kwa sauti ya kawaida kuwa maziwa hayo yangeuzwa. Tatu, mpe tambara mpanguze pamoja. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sakafu hupanguzwa, na mtoto anayepanguza anajifunza kuwa kosa lina marekebisho. Nne, mwonyeshe tena: mkono mmoja kwenye mpini, mwingine chini, twende polepole.

Halafu punguza kazi, usimfukuze kazini. Kama mtungi wa lita tano ni mzito, mpe kidumu cha lita moja kilichojaa nusu. Mayai abebe mawili ndani ya bakuli lenye nyasi. Kwenye vitunguu, kaa naye, umwonyeshe jani la kitunguu na jani la gugu, kisha umpe kipande chake kidogo ambacho akikiharibu hamtalala njaa. Simu iweke juu.

Usimlipe peremende pia. Warneken na Tomasello walichapisha utafiti mwingine mwaka 2008, na watoto waliopewa zawadi kila waliposaidia walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma. Neno la asante na nafasi ya kusaidia tena vinatosha.

Uvumilivu una mpaka wake, nao nausema wazi. Maji yanayochemka, jiko, mafuta ya taa, panga, dawa za shamba na mifugo, kisima na tangi la maji si mahali pa mtoto mdogo kujifunza kusaidia. Hapo mzuie mara moja, hata kwa sauti kali, kisha umweleze. Tena tusichukue haya kuwa ruhusa ya kumgeuza mtoto mfanyakazi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinamlinda dhidi ya ukatili na adhabu zisizo za kibinadamu, na pia dhidi ya kazi za hatari na za kumnyonya. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeongeza kuwa hata kumtesa mtoto kisaikolojia ni kosa. Matusi ya kila siku yamo humo.

Najua kuna jioni ambazo subira haipo. Umetoka kibarua, mvua imekunyeshea, deni la duka linakungoja, na chupa ya chai ndiyo hiyo imevunjika. Jioni kama hiyo ondoka hapo. Toka nje ukatazame ng'ombe, mwachie mwenzako au nyanya amshughulikie mtoto, urudi ukiwa umepoa. Wababa, hapa nawatazama ninyi pia. Mara nyingi mama anavumilia mchana kutwa, kisha hasira ya nyumba inaingia na nyinyi saa mbili usiku. Wahenga walisema hasira ni hasara, na kwa mfano wetu ni hasara ya pili juu ya ile ya kwanza. Na ukiona hasira zako zinakushinda, au unajua mtoto wa jirani anayeumizwa, piga simu 116. Ni ya Childline Kenya, na haikutozi chochote.

Naomba kila mmoja wetu aende na kazi moja. Leo jioni mchagulie mtoto wako shughuli inayolingana na mikono yake: kupanga vijiko, kumwagia kuku mahindi, kuchambua maharagwe. Mwonyeshe mara moja, kisha mwache aifanye kwa mwendo wake. Itachukua muda mrefu kuliko ukiifanya mwenyewe, na baadhi ya maharagwe yataishia chini ya meza. Wiki ijayo mwalimu atawauliza kila mmoja alichagua kazi gani na iliendaje, kwa hivyo mje na majibu.

Sasa maswali.