RANGI YA INJINI ILIYOFANYA KAZI



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya uzeeni, yaani kuchonga ndege za mfano. Hii mnayoiona mezani ni Boeing 737-200, ya aina ile ambayo Shirika la Ndege la Tanzania, lililoundwa mwaka 1977, lilianza kuitumia mwishoni mwa muongo ule. Ndege halisi ina urefu wa mita 30.5. Hii ni sehemu moja ya mia, basi ina sentimeta 30 na nusu.

Nilipoimaliza mara ya kwanza nilijiona fundi. Injini zote mbili nilizipaka rangi ya fedha, ile ya kupakia mageti, toka mbele hadi nyuma. Nikampelekea mwenzetu mmoja wa darasa letu, aliyefanya kazi ya ufundi wa ndege miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi hapa Mpanda. Aliigeuzageuza, kisha akaniuliza, "Bwana, injini hizi zimewahi kuwaka?"

Nilinuna. Yeye akanishika mkono hadi barabarani, akanionyesha pikipiki ya bodaboda. "Tazama ekzosi." Karibu na injini bomba lilikuwa la buluu, likafuatia zambarau, kisha rangi ya majani makavu, na mwisho jeupe kama lilivyotoka dukani.

Vijana, mambo haya ni ya maabara yenu. Chuma kikipata joto huota ngozi nyembamba ya oksidi, na unene wa ngozi hiyo ndio unaoleta rangi tunayoiona. Chuma cha pua kilichong'arishwa, kikifika nyuzi 220 hivi za Selsiasi, huwa na rangi ya majani makavu. Karibu na nyuzi 300 huwa buluu. Metali nyingine zina vipimo vyake.

Basi nilikwangua yote, nikaanza upya. Kwanza msasa laini sana, maana rangi ya fedha haifichi mkwaruzo. Pili, rangi nyeusi ya mafuta inayong'aa, ikauke kabisa. Tatu, rangi ya fedha iliyozimuliwa, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Weusi ulio chini ndio unaoipa sura ya metali.

Mdomo wa mbele wa injini ni alumini tupu, nao hupitisha hewa baridi. Nikausugua kwa kitambaa mpaka ukang'aa. Nyuma kuna vifuniko viwili vinavyofunguka ndege ikishatua, vikiurudisha moshi mbele ili kupunguza mwendo. Hapo moto hupita. Nikachanganya fedha na hudhurungi na nyeusi kidogo, kisha nikapitisha rangi za ile ekzosi, nyepesi kama chai ya maji mengi. Mwisho nikasaga ncha ya penseli, nikapaka unga wake kwa kidole kwenye maungio, nikiuvuta kuelekea nyuma, upepo unakokwenda. Nilijizuia nisizidishe. Ndege ya abiria husafishwa. Si sufuria ya kuni.

Mwenzetu yule hakuiona. Alifariki wakati rangi nyeusi bado haijakauka. Wala siku ile barabarani sikumwambia asante, kwa kuwa nilikuwa bado nimenuna. Ndiyo sababu leo naikabidhi ndege hii kwa maabara ya shule yetu, ambako yeye na mimi tulikaa benchi moja.

Vijana, kabla ya kushika brashi nendeni mkakitazame kitu chenyewe. Na mtu akikuonyesha kosa lako, mshukuru siku hiyohiyo.