Utepe wa Mkononi Hauwezi Kuchukua Nafasi ya Matibabu

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Loitokitok



Mikono ndiyo mtaji wa wengi katika eneo hili. Ndiyo inayochuma nyanya na kung'oa vitunguu kule Kimana na Rombo, inayokamua ng'ombe alfajiri na kutunga shanga jioni. Mkono ukilegea, mapato ya nyumba hulegea pia.

Wapo wanaobandika utepe wa rangi unaonyumbuka, kama ule wa wanariadha, wakitumaini nguvu zitarudi. Utepe huo ulibuniwa na Kenzo Kase wa Japani katika miaka ya 1970. Inadaiwa kwamba ukivuta ngozi, huamsha misuli iliyo chini yake.

Watafiti hupima dai hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni dainamomita, kifaa kinachofinywa kwa kiganja na kuonyesha nguvu kwa kilo. Ya pili ni vihisio vinavyobandikwa kwenye kigasha, ilipo misuli mikubwa ya kufumba vidole, ili kusoma umeme mdogo unaotokea misuli inapofanya kazi. Mwaka 2015, uchambuzi uliounganisha tafiti 19 ulionyesha kuwa utepe hauongezi nguvu za misuli, au huziongeza kidogo mno.

Kwa baadhi ya watu, utepe hupunguza maumivu kwa muda. Lakini maumivu kupungua si kupona. Anayeendelea kubeba pampu ya dawa kutwa nzima kwa sababu hasikii maumivu anaweza kuzidisha jeraha.

Misuli hupata nguvu kwa kazi ya kiasi na mapumziko. Kufinya kitambaa kilichokunjwa, kushikilia kwa sekunde chache, kisha kuachia, ni zoezi lisilo na gharama. Likileta maumivu, lisimamishwe.

Anayepata ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, au anayeangusha vyombo mara kwa mara, huenda mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Huyo afike kituo cha afya na kuulizia huduma ya fiziotherapia.

Mkono ukilegea ghafla, mdomo ukaenda upande au maneno yakakwama, hiyo yaweza kuwa dalili ya kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo. Kila dakika ina thamani.