Kelele ya Breki Mpya Isifichwe

Maneno haya tuliyasema mbele ya madereva, mafundi, abiria na wenyeviti wa vijiji waliokusanyika Suam, mpakani mwa Uganda na Kenya. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Mmezoea kutuona tukiwaita ili tuzungumze juu ya wizi wa mifugo, magendo au ugomvi wa mipaka ya mashamba. Leo tumewaita kwa jambo linaloonekana dogo, nalo ni mlio wa breki. Wengi wenu mmeusikia. Gari limetoka gereji, limefungwa diski mpya na pedi mpya, mwenyewe amelipa fedha nyingi, na mara ya kwanza anapokanyaga breki kituoni, gari linapiga ukelele mkali hata watu wote wanageuka kulitazama.

Katika msimu wa mavuno ya mahindi uliopita, dereva mmoja wa njia hii alifunga diski na pedi mpya kwenye magurudumu ya mbele. Gari likalia. Abiria wawili wakashuka wakisema hawapandi gari bovu. Zaidi ya hayo, dereva alijua kwamba mbele yake kuna kizuizi chetu. Akahofu kwamba askari akiusikia mlio ule atawashusha abiria waliosalia, atamtoza faini, au, tuseme ukweli bila kuuzungusha, atamwomba kitu. Basi utingo akachota grisi kwa kidole, akaipaka usoni mwa diski zote mbili. Kelele ikanyamaza. Gari likapita kizuizini kimya, nasi tukalipungia mkono.

Kilomita chache mbele, mteremko ulipoanza, dereva alikanyaga breki na gari halikushika. Kwa rehema ya Mungu aliweza kuligongesha kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, badala ya kuliacha liende upande wa bonde. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja alivunjika mkono, na utingo alivunjika mguu. Tulipoketi na dereva yule baadaye, alitutazama akasema, "Afande, niliwaogopa ninyi kuliko nilivyouogopa mteremko."

Ndugu zetu, maneno hayo yalituchoma, na ndiyo yaliyotuleta hapa. Dereva alikosa, na hilo halifichiki. Lakini mtu anapomwogopa askari kuliko kifo, kosa si lake peke yake. Kwa hiyo leo tutasema mambo mawili: kwanza, breki mpya hulia kwa nini na itibiwe vipi; pili, sisi tutafanya nini ili asiwepo tena wa kuificha.

Breki ya diski ni kitu chepesi kueleza. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Kalipa ni chuma kinachozibana pedi mbili, moja kila upande wa diski, mpaka msuguano uipunguze mwendo gari. Pedi isipotulia mahali pake, hutetemeka maelfu ya mara kwa sekunde moja, na mtetemo huo ndio mlio mnaousikia. Kwa hiyo kelele haimaanishi kila mara kwamba breki imekufa. Maana yake ni kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, na kitu hicho kitafutwe.

Tumeketi na mafundi wenye uzoefu, nao wametueleza sababu zinazojirudia mara nyingi.

Ya kwanza ni uchafu. Diski mpya hupakwa mafuta kiwandani ili isishike kutu. Fundi akiifunga bila kuisafisha, mafuta hayo huingia ndani ya pedi. Isafishwe kwa dawa ya kusafishia breki, au kwa maji ya moto na sabuni kisha ikaushwe vizuri. Petroli isitumike, kwa kuwa huweza kuwaka na gereji yote ikateketea.

Ya pili ni kutu kwenye habu, yaani pale diski inapokaa. Chembe ndogo ya kutu ikibaki hapo, diski hukaa upande, huzunguka ikiyumba, na dereva huhisi kanyagio likimpiga mguu. Habu isuguliwe kwa brashi ya waya kabla ya diski kufungwa, na nati za gurudumu zikazwe kwa kukingamana, si kwa kuzunguka duara.

Ya tatu ni vibanio na mabati madogo yanayokaa mgongoni mwa pedi. Mafundi wengi huyatupa wakidhani hayana kazi, au huyarudisha yaliyochakaa. Kazi yake ni kuituliza pedi isitetemeke. Mgongo wa pedi na pini ambazo kalipa huteleza juu yake vinataka grisi kidogo ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida huharibu mipira. Wala grisi ya namna yoyote isiguse uso wa diski, wala upande wa pedi unaosugua.

Ya nne ni pini zilizokwama. Kalipa ikishindwa kuteleza, pedi moja hubaki imeishika diski hata dereva akitoa mguu. Dalili zake ni gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine, harufu ya kuungua, na gari kuvuta upande mmoja. Pedi mpya haziponyi ugonjwa huo.

Ya tano ni pedi zenyewe. Pedi ngumu za bei ya chini sana hulia hata zikifungwa vyema, na baadhi huikwaruza diski. Nyingine zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi ili upige kelele pedi inapokaribia kuisha. Ulimi huo ukipindwa wakati wa kufunga, hugusa diski mapema na kulia tangu siku ya kwanza.

Ya sita, ambayo madereva wetu wengi hawaijui, ni kutozizoeza pedi na diski mpya. Vitu hivi viwili havijafahamiana bado. Kabla gari halijaondoka gereji, dereva apige kanyagio mara kadhaa mpaka liwe gumu, kwa maana baada ya pedi kubadilishwa, mkanyago wa kwanza waweza kwenda chini kabisa bila kushika. Kisha atafute barabara tambarare isiyo na watu, bila abiria wala mzigo. Aende mwendo wa kilomita 50 kwa saa, akanyage breki kwa nguvu ya wastani mpaka mwendo ushuke hadi kama 10, asisimame kabisa, aachie, aendeshe nusu dakika, kisha arudie. Afanye hivyo kama mara kumi, halafu aendeshe dakika kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Kwa kilomita 300 za mwanzo ajiepushe na kukanyaga breki kwa kishindo, isipokuwa kwa dharura. Na kamwe asikubali mteremko wa Kapchorwa uwe ndiyo shule ya kwanza ya breki zake.

Sasa tuseme kelele ipi ivumiliwe na ipi isivumiliwe. Mlio wa asubuhi penye umande, unaotoweka baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu, ni kutu nyembamba inayosuguliwa, wala hauna madhara. Mlio unaoendelea siku nzima urudishwe kwa fundi. Lakini sauti ya chuma kukwaruza chuma, kanyagio linalozama, gari linalovuta upande, au harufu ya kuungua, hizo si za kungoja kesho. Simama mahali salama, washushe abiria, usiendelee.

Yako mambo tunayoyakataza kwa msisitizo. Usipake mafuta wala grisi kwenye diski, kwa kuwa utakuwa umeinyamazisha breki kwa kuiua. Usimwagie maji diski yenye moto, kwani yaweza kupinda au kupasuka. Fundi asipulize vumbi la pedi kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, maana vumbi hilo hudhuru mapafu. Alifute kwa kitambaa kilicholoweshwa. Pedi zibadilishwe magurudumu yote mawili ya ekseli moja kwa pamoja, kamwe si upande mmoja.

Tena msisahau mafuta ya breki. Yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakiisha kunyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi karibu 140. Katika mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta yaliyozeeka huchemka, mvuke hujaa kwenye mabomba, na kanyagio huwa kama sifongo. Ndiyo sababu tunawasihi madereva wa lori za mahindi na viazi washuke kwa gia ndogo, injini ilishike gari, wala wasiweke gari huru ili kuokoa mafuta. Mafuta yanayookolewa hayawezi kununua roho ya mtu.

Nanyi abiria, mlio na sauti kuliko breki, msikae kimya. Kumwuliza dereva kwa adabu, "Mwanangu, breki hizi umezikagua?" si dharau. Dereva mwema atawajibu kwa upole. Akiwatukana, shukeni, mtupe habari.

Sasa tugeukie upande wetu. Katika kituo hiki tumekubaliana haya. Dereva atakayesimama kizuizini na kusema mwenyewe kwamba breki zake zinalia hatatendewa kama mkosaji. Gari lake litatazamwa papo hapo, bila malipo yoyote. Likiwa salama, ataendelea na safari. Likiwa si salama, litabaki mpaka litengenezwe, nasi tutawasaidia abiria kupata gari jingine. Askari yeyote atakayedai fedha kwa sababu ya mlio wa breki, mleteni kwa mkuu wa kituo kwa jina au kwa namba iliyo kwenye sare yake. Lakini dereva atakayepatikana amepaka grisi kwenye diski ili atupite, huyo tutamfikisha mahakamani, maana ameweka rehani roho za watu waliomwamini.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Utingo yule bado anatembea kwa gongo. Dereva yule yuko hapa nasi leo, amekubali mwenyewe kuja, na ameketi katikati yenu. Hatutamtaja, lakini tunamshukuru, kwa kuwa ukweli wake umetufundisha kazi yetu. Tunaomba kwamba siku breki zenu zitakapolia, ninyi msimame kizuizini, na sisi tuwe watu wanaostahili kusimamiwa.

Mungu awalinde njiani, mkishuka na mkipanda.