Unyevu Ulio Nyuma ya Rangi

Mazungumzo ya redio. Somo: Mambo ya Walawi 14:33–45

Kwetu Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, ni vigumu mwezi kupita bila mvua, na nyumba zetu nyingi zimekaa kwenye miteremko. Kwa hiyo leo nataka kuzungumza nanyi juu ya ukuta.

Ukuta wenyewe ni wa nyumba yangu, chumba cha watoto, upande wa mlimani. Ni wa matofali ya kuchoma, umepigwa lipu ya saruji. Mwanzoni lilitokea doa dogo juu ya sakafu. Nikanunua rangi, nikapaka. Kabla ya Krismasi doa likarudi, kubwa zaidi, na rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua. Nikakwangua kidogo nikapaka tena, maana tulikuwa tunamtazamia Askofu, nami sikutaka aone. Askofu akaja, akaisifu nyumba. Lakini mtoto wetu mdogo alikohoa usiku kucha, na mama yake akaniambia, "Baba watoto, Askofu amekwenda. Sisi ndio tunaolala humu."

Nikaita fundi. Hakufungua mkebe wa rangi. Aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akanionyesha mahali palipotoa sauti ya mtungi mtupu. Hapo lipu ilikuwa imeachana na matofali. Kisha akabonyeza ubao wa jasi unaogawa chumba, zile mbao ambazo wengi huziita jipsam. Upande wa chini ulikuwa laini kama mkate uliochovywa katika chai, na nyuma yake kuvu nyeusi. Akasema ubao wa jasi ukifika hapo hauponi kwa kupakwa. Hukatwa mpaka mahali pakavu, na kipande kipya huwekwa. Lakini si leo. "Pasta," akasema, "kwanza tujue maji yanatoka wapi."

Chuoni sura ya 14 ya Mambo ya Walawi tuliipita haraka, na wengine tulicheka kwamba hata nyumba yaweza kupata ukoma. Siku ile nilirudi kuisoma. Mwenye nyumba ndiye anayekwenda kumwambia kuhani; hangoji kugunduliwa. Vyombo hutolewa nje. Kuhani hutazama kama madoa ya kijani au mekundu yameingia ndani ya ukuta, kisha nyumba hufungwa siku 7, ndipo hutazamwa tena. Pigo likiwa limeenea, mawe yenye pigo hung'olewa, nyumba hukwanguliwa ndani pande zote, na vumbi lake hutupwa nje ya mji. Baada ya hayo ndipo huwekwa mawe mengine na lipu nyingine. Likirudi tena, nyumba hubomolewa. Katika maagizo yote hayo sikuona mahali kuhani alipokuja na brashi.

Tukatoka nje na jembe. Msingi wangu haukuwekewa ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu. Hilo ni kosa langu, nilitaka kuokoa fedha. Matofali hunyonya maji ya ardhini jinsi utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Tena udongo ulikuwa umerundikana nje kupita kimo cha sakafu. Lakini maji mengi yalitoka juu. Mfereji wa shamba la pili ulikuwa umezibika, na kila iliponyesha maji yalivuka mpaka yakaja ukutani kwangu. Fundi akasema, "Mwambie huyo mwenye shamba azibue."

Wasikilizaji, mwenye shamba ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja. Tulikuwa hatujasemezana miaka 4, kwa ajili ya mpaka, hatua 3 za ardhi zenye migomba. Ninyi mnaokaa Gusii mnajua jinsi ardhi ilivyo haba, sihitaji kueleza zaidi. Miaka hiyo yote nilisimama mezani pa Bwana, nikavunja mkate, nikawaambia watu wapeane amani. Agizo la Bwana Yesu katika Mathayo sura ya 5, kwamba mtu aiache sadaka yake kwanza aende akapatane na ndugu yake, nililijua vema. Nilikuwa nimelihubiri. Rangi yangu ilikuwa nzuri.

Ilinichukua siku 9 kuvuka mpaka ule. Leo mvua, kesho mazishi, keshokutwa mkutano wa kanisa. Nilipofika alikuwa akimkatia ng'ombe majani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi juu ya mfereji, lakini nikasema tu kwamba nimekosa. Kwamba siku ile mbele ya wazee nilimwambia, watoto wake wakisikia, maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Hakujibu upesi. Aliweka panga chini, akauliza, "Mtoto bado anakohoa?" Kumbe usiku kikohozi kilisikika hadi kwake.

Tulizibua mfereji siku 2, yeye na mimi na vijana wake. Neno la mpaka hatujalimaliza. Wazee wataitwa baada ya mavuno, na huenda nikaikosa migomba ile. Udongo wa nje tumeuondoa mpaka chini ya kimo cha sakafu, tukachimba mtaro tukaujaza kokoto. Ndani, lipu imebanduliwa hata nusu mita juu ya doa, na ubao wa jasi umekatwa. Fundi hakubali kupiga lipu sasa. Ukuta mnene hukauka kwa majuma mengi, na anayeufunika ukiwa mbichi hufungia maji ndani. Chumba ni kibaya kutazama, watoto wanalala sebuleni, na wageni wakija wanaona yote.

Juzi kaka yangu alipita, akaweka kiganja juu ya matofali, akasema, "Bado." Tukanywa chai.

Tuombe. Ee Bwana, yuko anayetusikiliza sasa ambaye angali upande huu wa mpaka. Uende naye. Amina.