Mpira Mmoja Haugawanyiki: Habari za Timu za Kwanza za Dar es Salaam

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya timu za mpira wa miguu za mji wetu, jinsi zilivyoanza na jinsi zilivyodumu. Huenda mtu akasema, "Mpira ni mchezo tu, una elimu gani?" Na atusikilize kwanza, kisha aamue mwenyewe.

Habari yenyewe ilianzia barazani kwetu, huku Temeke. Jioni moja walitujia vijana kumi na wawili wa mtaa wetu, nyuso zao zimekunjamana kwa hasira. Timu yao ilikuwa imefungwa mabao matano kwa moja na vijana wa mtaa wa jirani, na kila mmoja alikuwa akimlaumu mwenzake. Sita walisema kosa ni la golikipa. Sita wakasema kosa ni la wale wasiokuja mazoezini. Basi wamekata shauri watengane, ziwe timu mbili. Jezi walikwisha kugawana, sita huku na sita huku. Kilichowaleta kwetu ni mpira, maana ulikuwa mmoja tu, nao ulinunuliwa kwa michango ya wote. Wakasema, "Shikamoo Mwalimu. Tuamulie, mpira huu ni wa nani?"

Hatukuwajibu papo hapo. Tuliwaambia waketi mkekani, tukawasimulia haya tutakayowasimulia ninyi sasa.

Mpira wa miguu haukuzaliwa kwetu. Uliletwa na wageni, nao ulipita katika milango miwili: shule za misheni na kambi za askari. Huko Unguja, katika shule ya Kiungani ya Wamisioni wa UMCA, wanafunzi waliucheza tangu karne iliyopita kabla ya ile ya 1900. Mwaka 1925 masomo ya Kiungani yalihamishiwa Minaki, karibu na Kisarawe, si mbali sana na hapa tulipo. Vijana waliotoka katika shule kama hizo wakawa walimu na makarani, na kila walikopelekwa kufanya kazi walichukua mambo mawili: kalamu na mpira.

Sasa tuutazame mji wenyewe. Waingereza waliutwaa Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wa jeshi lao, walioitwa Carrier Corps, walipigishwa kambi nje ya mji, na kutokana na jina hilo mahali pale pakaitwa Kariakoo mpaka leo. Baadaye serikali ya kikoloni iliugawa mji sehemu tatu. Wazungu walikaa karibu na bahari, Wahindi na maduka yao katikati, na Waafrika Kariakoo, na baadaye Ilala. Kati ya Uhindini na Kariakoo serikali iliacha ukanda mpana usiojengwa, yaani Mnazi Mmoja, ili watu wa upande huu wasichanganyikane na watu wa upande ule.

Lakini mwanadamu akionyeshwa uwanja mtupu, hauachi ukae bure. Vijana wa Kariakoo walipotoka kazini jioni, bandarini, relini na maofisini, walitafuta mahali penye nafasi ya kukimbia. Wakapapata Mnazi Mmoja, na huko Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi. Hivyo ardhi iliyoachwa wazi ili kuwatenga watu ndiyo iliyowakutanisha. Mzaramo alicheza na Mmanyema, Mnyamwezi na Mngoni, mtu wa pwani na mtu wa bara, na wote wakajifunza kupeana mpira kabla hawajajuana majina.

Msidhani kwamba kabla ya mpira watu hawakujua kuungana. Mji ulikuwa na vyama vya ngoma, na vilivyosifika zaidi ni vya beni, Marini na Arinoti. Vyama hivyo vilikuwa na wakubwa wenye vyeo, sare, ada, na desturi ya kusaidiana katika maradhi na misiba. Navyo vilishindana vikali, hata mji ukawa kama umegawanyika pande mbili. Klabu za mpira zilipokuja zilivaa vazi hilo hilo. Nazo zilikuwa na wanachama, ada, wazee wa kutoa shauri, na mpinzani mmoja ambaye kumshinda ni sikukuu na kushindwa naye ni matanga. Kwa hiyo mkiona leo jinsi Simba na Yanga zinavyougawa mji, jueni kwamba desturi hiyo ni ya zamani kuliko klabu zenyewe.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Katika miaka ya 1920 na 1930 mji ulikuwa na mashindano ya mpira, na timu nyingi zilizoshindana zilikuwa za watu wasio Waafrika, au za askari na idara za serikali. Vijana wa Kariakoo walikuwa na timu yao, na wazee wa klabu huyataja majina yake ya mwanzo: Jangwani Boys, Navigation, Taliana, na New Youngs. Timu ile ilipanda na kushuka, ikabadili jina kila ilipotaka kuanza upya. Hatimaye, mwezi wa Februari mwaka 1935, ikajiita Young Africans, maana yake Vijana wa Afrika. Jina hilo lilikuwa na uzito. Serikali ilikuwa imewaandika watu kwa rangi zao katika kila daftari. Vijana hao wakalichukua neno "Mwafrika" lililotumiwa kuwaweka chini, wakalifanya bendera. Ulimi wa mji ukalifupisha jina, ikawa Yanga.

Haukupita mwaka mwingi ikaingia fitina. Timu ilishindwa, wanachama wakalaumiana kama walivyolaumiana vijana wetu wa Temeke, na mwaka 1936 baadhi yao wakatoka. Hao waliotoka waliunda timu iliyoitwa Queens. Baadaye ikaitwa Eagles, na baadaye tena Sunderland, jina la klabu ya Uingereza iliyokuwa na sifa kubwa katika miaka hiyo, maana ilitwaa ubingwa wa ligi ya kwao mwaka 1936 na kombe mwaka 1937. Mwaka 1971 Sunderland ya hapa kwetu iliacha jina la kukopa, ikajiita Simba.

Tulipofika hapo, kijana mmoja, mwembamba, mwenye maneno, alinyanyua mkono kama yuko darasani. Akasema, "Mwalimu, umejihukumu mwenyewe! Simba walijitenga, na leo ni wakubwa. Mbona sisi watukataza?" Wenzake wakacheka, na kwa kweli hata sisi tulicheka, maana swali lilikuwa na meno.

Tukamjibu hivi. Ni kweli walijitenga. Lakini tazama yaliyofuata. Tangu mwaka 1936 walipotoka hadi mwaka 1965, ligi ya taifa ilipoanzishwa na Sunderland ikawa bingwa wa kwanza, ni miaka 29. Katika miaka hiyo ilipita Vita Kuu ya Pili, yakapita majina matatu, wakapita wachezaji walioanza wakiwa vijana wakaishia kuwa wazee wenye mvi. Walioondoka hawakuishi kwa hasira ya siku ile. Hasira haidumu miaka 29. Waliishi kwa ada, kwa mazoezi, na kwa kufungwa mara nyingi bila kutawanyika. Nao waliobaki Yanga walifanya vivyo hivyo. Sunderland ilitwaa ubingwa tena mwaka 1966, kisha Yanga ikautwaa miaka mitano mfululizo, tangu 1968 hadi 1972. Kujitenga hakukuwapa ukubwa. Kilichowapa ukubwa ni kwamba baada ya ugomvi ule kila upande ulijifunza kukaa pamoja.

Tena si kila aliyejitenga alifika mbali hivyo. Mwaka 1976, baada ya mgogoro mkubwa ndani ya Yanga, wachezaji wengi hodari walitoka wakaunda Pan African. Walikuwa mafundi, na mwaka 1982 wakawa mabingwa wa nchi. Lakini klabu hiyo haikupata mizizi kama ya wale wawili. Na Cosmopolitan, waliokuwa mabingwa mwaka 1967, jina lao vijana wengi wa leo hawalijui kama wajuavyo la Simba na Yanga. Ufundi huleta kombe. Watu wanaokaa pamoja huleta klabu.

Timu za mji zilipoendelea kukomaa, mpira ulizifungua pia njia za nje. Tangu mwaka 1926 Kenya na Uganda walikuwa wakishindania Kombe la Gossage, lililotolewa na watengenezaji wa sabuni. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na mwaka 1949 ikalitwaa kwa mara ya kwanza. Basi nchi iliyokuwa bado haina bendera yake ilikuwa tayari ina timu yake.

Nayo bendera ilipokuja, ilipandishwa uwanjani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, watu walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, huku Temeke, kuiona ya Mwingereza ikishuka na ya Tanganyika ikipanda. Uwanja huo sasa huitwa Uhuru. Kando yake ulijengwa uwanja mkubwa wa watu 60,000, uliofunguliwa mwaka 2007, nao waitwa Benjamin Mkapa. Hapo, mwezi wa Mei mwaka 2023, Yanga walicheza mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na USM Alger ya Algeria. Walifungwa mawili kwa moja. Wakaenda Algiers, wakashinda moja kwa bila, lakini kombe wakalikosa kwa sababu ya mabao ya ugenini. Je, walitawanyika? Hawakutawanyika. Ile timu iliyopasuka mwaka 1936 kwa sababu ya kushindwa ilikuwa imejifunza kushindwa.

Wasikilizaji wetu, tuna maneno mawili ya kuwausia kabla hatujaagana.

La kwanza ni juu ya uwanja. Temeke na Kinondoni zilikuwa mashamba na vijiji vya kando. Leo nyumba zimesongamana hata mtoto hana mahali pa kuutupia mpira. Bila uwanja wa Mnazi Mmoja na Jangwani tusingalikuwa na habari hii ya kusimulia. Basi mwenye sauti katika mtaa wake na aitumie kuulinda uwanja uliobaki, kabla haujawekwa mawe ya msingi.

La pili ni juu ya daftari. Wengi wa vijana wa kwanza walioichangia timu senti zao hatuyajui majina yao, kwa kuwa hayakuandikwa, na walioyajua wamekwisha kufa. Ninyi mlio na timu, nunueni daftari. Andikeni siku mliyoanza, jina la kila mmoja, ada aliyotoa, na kila mchezo, mlioshinda na mlioshindwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na timu ni mali.

Mtauliza, vijana wetu walifanya nini? Usiku ule waliuacha mpira barazani kwetu, wakaenda zao bila kuagana wao kwa wao. Kesho yake jioni walirudi kumi. Wawili hawakurudi. Yule mwembamba mwenye maneno ndiye aliyeushika mpira, na mkononi mwa golikipa aliyelaumiwa tuliona daftari jipya la shule. Katika ukurasa wa kwanza walikuwa wamekwisha kuandika tarehe, na chini yake, kwa mwandiko wa kujitahidi: "Tulifungwa matano kwa moja."

Tuliwapa mpira wao.