Kupunguza Mwendo, Kupoza na Kunasa: Istilahi za Fizikia ya Atomu na Barabara ya Mikumi



Mwaka 1985, katika maabara ya Bell huko Holmdel, New Jersey, Steven Chu na wenzake walielekeza miali ya leza kwenye kiwingu kidogo cha atomu za sodiamu. Miali ilikuja kwa jozi kutoka pande zinazokabiliana: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Atomu zilizokuwa zikienda kasi zikaanza kujikokota, kana kwamba zimetumbukia katika kitu kizito kinachonata. Wanafizikia hao wakakiita kitu hicho molasi. Neno hilo huenda likamlazimu mwanafunzi wa Dar es Salaam kufungua kamusi, lakini halihitaji maelezo katika mji mdogo wa Ruaha, wilayani Kilosa, kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Kidatu. Huko ni nchi ya miwa, na molasi ni kile kimiminika cheusi kinachobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa.

Hoja ya mhadhara huu inaanzia hapo. Kiingereza kimeisimulia taaluma ya kudhibiti atomu na molekuli kwa sitiari za jikoni na za shambani. Mtunga istilahi anayetafsiri sitiari hizo bila kulitazama tendo lenyewe hufuta tofauti ambazo ndizo fizikia yenyewe. Tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni ile iliyopo baina ya kupunguza mwendo na kupoza.

Atomu ya sodiamu inayotoka kwenye tanuri husafiri kwa kasi ya takriban mita 1,000 kwa sekunde. Kila punje ya mwanga, yaani fotoni, inayoigonga kutoka mbele huipunguzia kasi kwa sentimita 3 hivi tu kwa sekunde. Hivyo atomu hupaswa kugongwa mara 30,000 na zaidi kabla ya kusimama. Hata hivyo fotoni haipokelewi mpaka masafa yake yalingane na yale ambayo atomu huyakubali, nayo masafa hubadilika kufuatana na mwendo, kama honi ya lori inavyosikika kali likija na nzito likienda. (Neno masafa nalo lina matata yake, kwa kuwa ni umbali pia, lakini redio zimekwisha kulizoesha masikio ya watu.) Mwanzoni mwa miaka ya 1980 William Phillips, huko Gaithersburg, Maryland, alitumia uga wa sumaku uliobadilika hatua kwa hatua, ili atomu iendelee kuipokea leza kadiri ilivyopungua mwendo.

Huko ni kupunguza mwendo. Kupoza ni jambo jingine. Hewa iliyo ndani ya basi litokalo Morogoro kwenda Mikumi haizidi joto kwa sababu dereva ameongeza mwendo, wala haipoi akishika breki. Halijoto ya gesi ni kipimo cha jinsi chembe zake zinavyotofautiana mwendo zenyewe kwa zenyewe. Mwendo wa kundi zima haumo. Molasi ya mwanga hupoza kwa sababu masafa ya leza huwekwa chini kidogo ya yale yanayotakiwa: atomu ikielekea upande wowote hugongwa zaidi na mwali wa upande huo, na iendayo mbio huzuiwa kuliko iendayo polepole.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Uholanzi. Mwaka 1999, huko Nijmegen, Bethlem, Berden na Meijer walizipunguza molekuli za kaboni monoksidi kutoka mita 225 hadi 98 kwa sekunde, kwa hatua 63 za uga wa umeme. Anayeijua barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Mikumi ameona madereva wakipunguza mwendo kwenye matuta kwa ajili ya wanyama. Kifaa cha Nijmegen ni mfululizo wa matuta. Molekuli hupanda tuta la umeme na kupoteza mwendo. Kabla haijateremka na kuurudisha, umeme huzimwa, tuta likatoweka, na la pili likawa linangoja mbele. Lakini tofauti za mwendo ndani ya kundi hubaki vilevile. Kuita kifaa hicho kipozaji ni kosa la fizikia. Kipunguzamwendo kinatosha, na kila kondakta wa njia ya Mikumi anakielewa.

Pana hatari nyingine ndogo, ya irabu moja. Kupoza kukiandikwa kupooza, msomaji wengi atafikiria maradhi, ingawa atomu iliyopozwa haijapooza: bado inatikisika. Aidha, molasi si mtego. Atomu hujikokota ndani yake lakini hatimaye hutoka. Mwaka 1987 ulipoongezwa uga wa sumaku unaozirudisha katikati ndipo kulipopatikana kunasa kwa kweli, na hapo neno mtego linastahili.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, mtego huo ukiwa na umri wa miaka mitatu tu. Anayeumia kwa pengo la tangu hapo ni mtoto wa Ruaha. Katika shule ya msingi ya serikali amesoma sayansi kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza kinampokea kwa Kiingereza, na neno linalomaanisha kupoza linamjia likiwa na picha ya friji. Molasi na matuta, ambavyo vingemfikisha kwenye jambo lenyewe, vinaachwa nje ya mlango wa darasa.

Limebaki fumbo moja kwa wanaistilahi. Mwaka 1988 kundi la Phillips lilipima sodiamu iliyokuwa baridi kuliko nadharia ilivyoruhusu: mikrokelvini 40 hivi, badala ya 240. Claude Cohen-Tannoudji, mzaliwa wa Constantine, Algeria, na Jean Dalibard walieleza kwamba atomu hupanda tuta la mwanga, na ikikaribia kilele huhamishiwa bondeni mwa tuta jingine, ikapanda tena. Kiingereza na Kifaransa vimeiita njia hiyo kwa jina la Sisifo, mfalme wa hekaya za Wayunani. Kupoza kwa matuta lingekuwa jina jepesi kwa Kiswahili. Ila matuta haya yanapoza na yale ya Nijmegen hayapozi, kwa kuwa hapa kila uhamisho hutoa fotoni inayoondoka na nishati. Istilahi itakayokubaliwa haina budi kuibeba hiyo fotoni.